Mikono ya Kulwa na Maneno ya Doto

Niliona. Kwa miaka mingi, kila nilipoulizwa, nilisema sikuona tatizo lolote, na nilisema kwa sauti ya mtu mwenye shahada tatu, mpaka mwenyewe nikaanza kuamini. Lakini niliona. Siku ile kwenye soko la dagaa Kirumba, mwanamke kiziwi aitwaye Kulwa aliongea kwa mikono karibu dakika nne bila kutulia. Pacha wake, Doto, aliyekuwa ananitafsiria, akanigeukia na kusema: "Anasema alikubali mwenyewe." Niliona wazi kwamba dakika nne za mikono haziwezi kuishia kwenye maneno matatu. Nikaandika yale maneno matatu.

Mwaka jana nilistaafu kwa hiari, nikiwa na miaka hamsini na tano, na ninyi mnaoanza masomo ya ulemavu mkaniomba niwaandikie kuhusu kazi yetu. Nadhani mlitaka mawaidha. Ninayo machache, na nitayatupia humu humu njiani. Lakini nikikaa kuandika, kalamu inarudi Kirumba yenyewe, kwa hiyo mnivumilie.

Kwanza jina la kazi, maana litawasumbua kama lilivyonisumbua mimi. Nilipopata udaktari, habari zilitangulia kufika sokoni Mwaloni, zikafika zimepunguzwa: Dokta wa ulemavu. Mama mmoja muuza sangara akanisimamisha katikati ya njia, akapandisha gauni na kunionyesha goti. Nikamweleza kwamba mimi sitibu. Nasoma jinsi jamii inavyowafanya watu kuwa walemavu.

"Kwa hiyo goti langu limeharibiwa na jamii?"

Nikamwambia kwa namna fulani ndiyo, kama anabebeshwa ndoo za samaki tangu utotoni na hakuna hata toroli.

"Basi wewe ni wa siasa," akasema, akashusha gauni lake.

Hakukosea sana. Taaluma yetu ndiyo hiyo: badala ya kuuliza mtu huyu ana kasoro gani, tunauliza amewekewa nini njiani. Ukishalielewa hilo unaanza kuona ngazi, milango, fomu na macho ya watu kwa namna nyingine. Ila kulielewa ni jambo moja. Mhadhara wangu wa kwanza kabisa kuhusu mada hiyo, hapa chuoni Nyegezi, niliutoa ghorofa ya pili ya jengo lisilo na lifti. Mwanafunzi mmoja, Masanja, alikuwa anatumia kiti cha magurudumu. Wenzake wanne wakambeba juu kwa juu, jasho likiwatoka, nami nikaliomba darasa liwapigie makofi kwa moyo wao wa utu. Kipindi kilipoisha Masanja alinisubiri mlangoni.

"Mwalimu, umefundisha vizuri," akasema. "Ila umezipigia makofi ngazi."

Ilinichukua mihula miwili kupewa chumba cha chini. Tangu siku hiyo, mahali popote nilipotakiwa kufundisha au kumhoji mtu, nilikuwa nakwenda siku moja kabla, napita njia yote kwa miguu yangu, nikijiuliza nani hatafika hapa. Fanyeni hivyo. Ni ushauri mzuri, na niliutumia zaidi kwa milango kuliko kwa watu.

Aliyenifundisha kuhoji ni Mzee Kaijage. Alikuwa kipofu tangu utoto, akafanya kazi miaka mingi ya kupokea na kuunganisha simu katika ofisi moja ya serikali, enzi ambazo simu zote zilipitia mikononi mwa mtu. Alijua sauti za nusu ya mji huu. Nilipoanza kazi alikuwa amestaafu, na nilimfuata nyumbani kwake na orodha yangu ya maneno sahihi. Alisema "sisi vipofu," nikamsahihisha: tunasema watu wasioona. Akanisubiri nimalize.

"Sawa," akasema. "Sasa mtu asiyeona anaomba chai."

Alikuwa anakaa pembeni ninapofanya mazoezi ya kuhoji, na kila nilipomkatiza mtu aligonga fimbo yake sakafuni mara moja, polepole. Mwisho wa saa moja ananipa hesabu. "Kumi na nne, Dokta. Na mara mbili umejijibu mwenyewe." Hakuniita Dokta kwa heshima, wakati huo nilikuwa sijawa dokta. Aliniita hivyo jinsi watu wanavyomwita mtoto mnene bosi.

Sasa Kirumba.

Wakati ule watu wa taaluma yetu tulikuwa tumechoka na machozi. Kila kilichoandikwa kuhusu watu wenye ulemavu kilikuwa cha huruma: maskini fulani, hajiwezi fulani. Sisi tulitaka watu walioamua. Tulitaka kuonyesha kwamba mtu kiziwi, mtu kipofu, mtu asiyetembea, anapanga maisha yake kama mtu yeyote. Ni nia njema, na bado naiamini. Lakini mtafiti mwenye nia njema na tarehe ya kuwasilisha tasnifu ni mtu wa hatari.

Nikasikia kwamba kuna mwanamke kiziwi anayechambua dagaa Kirumba, amezaa binti, na binti analelewa Igoma, upande mwingine wa mji, na pacha wake asiye na mtoto. Sura nzima ya tasnifu niliiona imesimama kabla sijamwona Kulwa. Mwanamke kiziwi, anachambua dagaa wake, anajitegemea, amefikiri, ameamua kumpa dada yake mtoto. Nilichokuwa nakosa ni yeye tu aje aniambie.

Kulwa hakuwahi kwenda shule. Hakujua Lugha ya Alama inayofundishwa kwenye shule za viziwi. Alitumia ishara za nyumbani, walizozitunga yeye na Doto tangu wakiwa watoto uani kwa wazazi wao. Kwa hiyo nilihitaji mtu anayezijua, na nani angezijua kuliko pacha wake? Niliandika hivyo hivyo kwenye sura ya mbinu za utafiti, kwa fahari: mkalimani alikuwa mtu wa karibu kabisa na mhojiwa. Msimamizi wangu akaweka alama ya vema pembeni.

Bila shaka mmeshaona. Mimi, niliyesoma miaka yote ile, nilimpa Doto kazi ya kutafsiri kesi yake mwenyewe.

Sitaki kujitetea, ila niwaeleze jinsi nilivyopofuka, maana ninyi mtapofukia mahali hapo hapo. Kwetu kulea mtoto wa ndugu si habari. Mimi mwenyewe nililelewa na mama mdogo mpaka darasa la nne, na hakuna aliyeniiba. Nilipofika Kirumba nikamkuta binti mwenyewe, Pendo, wa miaka mitatu, amekuja na Doto, anacheza kando ya magunia, anamwita Doto "mama" na Kulwa "mama mkubwa," kwa kuwa Kulwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Nikajisikia nyumbani. Kama ningekuwa mgeni kutoka mbali, pengine ningeuliza: huyu mtoto alifikaje kwa mama yake mdogo? Mwenyeji haulizi. Mwenyeji anajua.

Tulikaa mchana, kwenye benchi la mbao, vumbi la dagaa likituingia puani. Kulwa alikuwa amevaa gauni la bluu lenye kola nyeupe, limepigwa pasi, na wenzake wote wamejifunga makanga yaliyochakaa. Niliandika kwenye daftari: amependeza, anajiamini. Kamera niliiweka juu ya gunia. Nikauliza ilikuwaje mtoto akaenda kwa Doto. Doto akamwuliza kwa mikono. Mikono ya Kulwa ikaanza kwenda, na mengine mmeshayasikia.

Miezi michache baadaye nilimsikilizisha Mzee Kaijage ile kanda. Nilitaka anisifu kwamba sijakatiza mtu. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kulwa alivaa bangili, na alipoongea viganja vyake vilipigana, na pumzi yake ilikuwa inasikika. Mzee akaomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaomba tena.

"Huyu mama anapiga kelele na mikono muda wote huu," akasema, "halafu dada yake anasema maneno matatu."

"Ishara ni ndefu, Mzee. Neno moja linaweza kuchukua muda."

"Ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na hapa mwishoni anayesema 'safi sana' ni nani?"

"Ni mimi."

 Alikuwa na fimbo mkononi na hakuigonga. Alifariki mwaka uliofuata, na kwenye shukrani za tasnifu nikamweka wa kwanza, kabla ya mume wangu.

Sura ile ndiyo iliyonipa jina. Ilichapishwa, ikaingia kwenye kozi, ikasomwa na watu wa nchi ambazo sijafika. Kulwa nilimpa jina la bandia kama inavyotakiwa, na soko nikaliita soko fulani kando ya ziwa. Lakini mwanamke kiziwi mwenye pacha, anayechambua dagaa, alikuwa mmoja tu. Jina lile la bandia lilimficha kwa watu wa Dar es Salaam. Kwa watu wa Kirumba halikumficha kitu.

Na kwa Pendo pia halikumficha. Miaka sita iliyopita aligonga mlango wa ofisi yangu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa ualimu, na nakala kivuli ya ile sura niliyoiandika mkononi.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Karibu, keti."

Hakuketi. Akaweka karatasi mezani. "Mtoto wa kwenye ukurasa huu ni mimi."

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Utafiti wangu ulikuwa umeingia ofisini kwa miguu yake, umekua, umesuka nywele. Nikataka kumwagiza soda.

"Umeandika alikubali mwenyewe kunitoa," akasema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Alisema hivyo? Mama mkubwa?"

"Alisema."

"Wewe ulimwona anasema?"

Hapa ndipo pangekuwa mahali pa kusema kweli. Nilikuwa na umri wa kutosha, cheo cha kutosha, na mlango ulikuwa umefungwa. "Nilimwona kwa macho yangu," nikasema. "Nina kanda."

"Naomba niione."

Nikamwambia maadili ya utafiti hayaruhusu. Mtajifunza kwamba maadili ya utafiti yana matumizi mengi. Pendo aliikunja ile karatasi mara mbili, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama kitambulisho. Akanishukuru. Baadaye nilikuja kusikia kwamba tangu siku hiyo hakukanyaga tena Kirumba.

Mwaka jana nilipokuwa naondoa vitu ofisini niliikuta ile kanda ndani ya boksi la mitihani ya zamani. Nikaipeleka kwa fundi wa studio ya picha mjini anihamishie kwenye flashi, nikakaa nayo nyumbani asubuhi, na chai yangu, nikidhani nitajikumbusha ujana.

Nililoliona ni sikio langu. Kamera ilikaa pembeni, kwa hiyo inamwonyesha Kulwa uso, Doto uso, na mimi sikio. Kwa karibu saa nzima mtafiti amemgeukia mkalimani. Jicho nilimtupia Kulwa mara chache tu, za kutosha kuona mikono haijatulia. Kulwa anaongea na sikio. Mara anainama mbele. Mara anagonga benchi kwa kiganja ili nihisi mtikisiko na nigeuke, jinsi viziwi wanavyoitana. Mara ya kwanza sigeuki. Mara ya pili sigeuki. Mara ya tatu nainua kidole, bila kumtazama, kumwambia asubiri.

Chai ikapoa. Nikampigia Rehema.

Rehema alikuwa mwanafunzi wangu, sasa ni mkalimani wa Lugha ya Alama. Ni mtoto wa familia ya Kiislamu ya mjini, anavaa ushungi wake vizuri, na kila Jumapili utamkuta mbele ya kanisa anatafsiri mahubiri kwa viziwi. Ukimwuliza anasema Ijumaa ni yake, Jumapili ni ya kazi. Katika kundi hilo la Jumapili ndiko Kulwa, akiwa na zaidi ya miaka arobaini, alikokwenda kujifunza Lugha ya Alama. Rehema alikuwa anamfahamu siku nyingi.

"Nitakuja, Dokta," akasema. "Kwa sharti moja. Hutanitazama mimi."

Tulimkuta Kulwa chumbani kwake, alasiri. Kompyuta tukaiweka juu ya stuli. Alipojiona mwenyewe, kijana, alicheka, akapima kiuno chake cha zamani kwa vidole viwili na kutuonyesha cha sasa. Halafu akafika pale kwenye zile dakika nne. Akanyoosha mkono, akaisimamisha picha, akanigeukia mimi, na kuanza kusema upya. Sauti ya Rehema ilikuwa pembeni yangu. Macho nikayaweka kwa Kulwa, na niwaambie, ilikuwa kazi ngumu kuliko kusahihisha mitihani mia.

"Walisema sitasikia mtoto akilia usiku," akasema. "Nikafunga uzi. Upande mmoja mguuni kwake, upande mwingine mkononi kwangu. Akitikisa mguu, naamka. Miezi minane. Hakuna usiku nilioshindwa kuamka. Siku moja nikaenda kuchambua dagaa, mtoto nikamwacha na mama. Nikarudi. Uzi uko kitandani."

Akaonyesha mlango kwa kidole.

"Nikaenda Igoma kwa miguu. Mama akanifuata, akanirudisha. Nikaenda tena. Wakanirudisha. Halafu ukaja wewe na kamera. Nikajua wewe ni mtu wa serikali, umekuja kuandika ili nirudishiwe mtoto. Nikavaa gauni la kanisani. Nikakuambia yote. Nikaona unaandika, nikafurahi. Nikasubiri."

Nikamwuliza alisubiri mpaka lini.

"Mpaka nilipomwona amevaa sare ya shule," akasema. "Viatu amenunuliwa na Doto. Nikajua hamrudi."

Ndugu zangu, nimesoma vitabu vingi kuhusu sauti za wasiosikika. Nimefundisha kozi yenye jina hilo.

Kulwa aliendelea. Alisema mambo yalitulia kidogo Pendo alipokua, maana alikuwa anakuja mwenyewe, Jumamosi kwa Jumamosi, wanachambua dagaa pamoja. Halafu akaacha kuja. Akaniuliza mimi, kama mtu anavyouliza msomi: kwa nini Pendo haji?

Rehema akanigeukia. Nikamweleza Kulwa habari ya ofisini. Rehema akaitafsiri yote, hata ile ya maadili. Kulwa alinitazama muda mrefu. Kisha akagusa kifundo cha mkono wake mara mbili, akainamia mkono kama mtu anayeangalia muda, na mikono ikaendelea.

"Hilo la kwanza ni jina lako," Rehema akaniambia. "Alikupa siku ile. Mwenye Saa. Anasema: Mwenye Saa, karatasi zako mimi sizisomi. Mpelekee Pendo."

Nilikwenda kwanza Igoma. Nilijiambia ni haki Doto naye asikilizwe, na ni kweli, lakini pia nilitaka kugawana mzigo. Ana kibanda chake cha cherehani, kando ya mafundi wa vitanda vya chuma. Hakuusimamisha mguu wake kwenye cherehani nilipoanza kueleza. Alimaliza pindo, akakata uzi kwa meno.

"Nilidanganya, ndiyo," akasema. "Miaka tisa ya ndoa watu walikuwa wananiuliza habari za tumbo. Mama akaniletea mtoto, akasema mchukue, mwenzio hawezi. Ungekuwa wewe ungesema nini mbele ya kamera?"

"Sijui."

"Hujui. Na mimi nilijua utauliza tena. Mikono ya Kulwa ilikuwa inakwenda, unaiona, nikasema huyu dada msomi ataniambia, wewe Doto, mbona umefupisha? Ungeuliza mara ya pili tu ningesema. Nilishaanza kulia moyoni. Ukasema safi sana."

Fundi wa jirani alikuwa anagonga chuma, tukasubiri atulie.

"Mimi sikusoma, Dokta," akasema Doto. "Wewe ulisoma mpaka mwisho."

Mtoto alimlea vizuri, na nimwandikie hilo, maana sura yangu ya zamani ilimwonea Kulwa na sitaki hii imwonee Doto. Alimsomesha kwa cherehani hiyo hiyo mpaka chuo. Nilipoondoka aliniuliza kama Pendo ataacha kumwita mama. 

Nikaandika kuomba ile sura iondolewe kwenye kozi na kwa wachapishaji. Hiyo ilikuwa rahisi. Barua ya Pendo ndiyo iliyonishinda. Anafundisha shule ya msingi kisiwani Ukerewe, na namba yake alinipa Doto. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa kumi na moja, na nilikuwa nimeweka marejeo. Rehema aliisoma akanirudishia.

"Dokta, hii ni tasnifu."

Ya mwisho ilikuwa nusu ukurasa. Nilimwandikia kwamba Kulwa hakusema alikubali, kwamba nilikuwepo na nilishindwa kumtazama, kwamba nilimdanganya ofisini kwangu, na kwamba mama yake mkubwa anauliza kwa nini haji. Nikamtumia na kanda yenyewe, pamoja na tafsiri ya Rehema, sentensi kwa sentensi, kama Kulwa alivyosema mbele yetu. Kulwa mwenyewe ndiye aliyeruhusu.

Siku tisa kimya. Kila asubuhi Kulwa alimtumia Rehema ujumbe wenye alama ya kuuliza tu, na Rehema akanitumia mimi.

Siku ya kumi, nikiwa naanika nguo, simu ikaita. Nyuma ya sauti kulikuwa na watoto wanapiga kelele uwanjani.

"Shikamoo, Dokta. Ni Pendo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeiangalia. Ile tafsiri ya dada Rehema sikuihitaji. Ishara zake nazijua tangu niko mdogo. Habari ya uzi alinieleza nikiwa darasa la tatu. Yote, kama alivyosema humo."

Nilibaki na shati la mume wangu mkononi. "Sasa ofisini kwangu ulikuja kuuliza nini?"

"Nilikuja unisaidie," akasema. "Nyumbani kila nikisema mama mkubwa ameniambia hivi, wananiambia sijui ishara zake, najitungia. Bibi anasema, mama anasema. Nikajua kuna msomi, alikuwepo, ana kanda. Nikasema huyu atawaambia. Ukasema ulimwona kwa macho yako."

Nikaliweka shati kwenye kamba.

"Nikarudi hosteli nikawaza, basi kweli sijui. Basi miaka yote mikono yake inakwenda na mimi namwekea maneno yangu. Nikaogopa kwenda. Nitakaa mbele yake nitazame nini, kama siwezi kujua anachosema?"

"Pendo, mimi..."

"Najua. Nimesoma barua." Alisema bila ukali, na ningependa angesema kwa ukali. "Jumamosi navuka kuja Kirumba."

"Nimwambie Rehema aje?"

"Hapana. Hatuhitaji mkalimani. Na wewe, Dokta, naomba usije."

Nikamwambia sitakuja. Kengele ikagongwa upande wake, kelele za watoto zikaanza kupungua. Akasema ana kipindi.

"Na ukimwona kabla yangu usimwambie chochote," akasema. "Ameshasemewa vya kutosha."